Ametoboa, Ameukata, Anazo: Kusoma Maneno ya Utajiri Ukanda wa Dhahabu

Mtafsiri kijana aliniletea ukurasa mmoja uliomkwamisha siku mbili. Maandishi ya awali yalikuwa ya Kiingereza, yakimhusu mchimbaji wa mkoa wa Geita ambaye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilianza kutoa dhahabu baada ya miaka ya kupandisha mawe matupu. Mwandishi alikuwa amemweleza kwa msemo ambao ukiufasiri neno kwa neno unapata "anagaagaa kwenye pesa". Kijana aliandika "ni tajiri mkubwa", akafuta. Akaandika "ana pesa nyingi", akafuta. Kisha pembeni ya karatasi akapanga kwa penseli, neno chini ya neno: bilionea, mkwasi, kibopa, kigogo, ameukata, ametoboa, anazo. Akaniuliza: "Mwalimu, si yote ni yale yale?"

Hayako sawa hata kidogo. Nimekaa na orodha ile kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na ukurasa wenyewe. Naona kila neno pale limebeba habari ambayo mwenzake hana: mali ilitoka wapi, imekaa muda gani, na anayeitaja anamtazama mwenye mali kwa jicho gani. Habari hiyo haimo kwenye maana ya kamusi. Imo kwenye umbo la neno, yaani ngeli yake, kiambishi chake na wakati wa kitenzi chake. Na hakuna mahali Tanzania ambapo umbo hilo linafanya kazi kwa bidii kama kati ya Shinyanga na Geita, kwenye nchi ya almasi, dhahabu na ng'ombe, ambako mtu anaweza kulala hana nauli akaamka ananunua lori.

Nianze na Kiingereza kwa ufupi, kwa kuwa ndiko tatizo lilikotokea. Waingereza nao wana utitiri wa misemo ya aina hii. Kwao tajiri ananuka, tajiri ni mchafu, tajiri ameumbwa kwa pesa, tajiri amezaliwa na kijiko cha fedha mdomoni. Wasemaji wao huichanganya kama sisi tunavyochanganya ya kwetu, lakini wa makini hujua kwamba kijiko cha fedha ni cha urithi, na uchafu una lawama ndani yake. Ukiileta Kiswahili lazima uchague upya. Sisi tuna kunuka na tuna kunukia, na kauli ya kutendea hapo ndiyo inayotenga harufu mbaya na nzuri. Anayenuka pesa tunamshuku, anayenukia pesa tunamtamani. Tuna pia "hela chafu", ambayo mtaani ina maana ya hela nyingi mno, na mahakamani ina maana ya hela haramu. Mtu akisema "jamaa ana hela chafu" inabidi usikilize sauti yake kwanza.

Pesa zenyewe zimetufikia kwa njia nyingi. "Pesa" ilikuja na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. "Hela" ni heller ya Wajerumani, sarafu waliyoianzisha kwenye koloni lao mwaka 1904, rupia moja ikiwa heller 100. "Fedha" ni ya Kiarabu, na asili yake ni madini ya fedha. Maana yake, mchimbaji wa Nyarugusu anayeuza dhahabu bado huhesabu alichopata kwa jina la madini mengine ambayo hakuyachimba. Dhahabu ilibaki kuwa jina la kitu. Haikugeuka kuwa jina la malipo. Naona hilo linawafaa watu wa ukanda huu, maana kwao dhahabu ni kitu cha kutafutwa, na ukishaipata haikai mkononi.

Turudi kwenye orodha, tukianzia na neno ambalo kijana alilifuta kabla ya kuipanga. Neno la kwanza ambalo kila mwanafunzi hulikimbilia ni "tajiri". Asili yake ni ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara. Jambo la kupendeza ni kwamba "bepari" nalo, lililotoka Bara Hindi, lilianza na maana hiyo hiyo. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita "Mabepari wa Venisi". Kwa maana ya zamani, bepari ni mfanyabiashara tu. Lakini mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, na neno lilikwisha kubeba mzigo wa unyonyaji. Ndugu wawili wa maana moja, mmoja akaenda kuwa mtu wa kuonewa wivu, mwingine akawa adui wa taifa. Siasa iliwatenganisha, kamusi ikafuata nyuma.

Kwenye machimbo "tajiri" limechukua njia ya tatu. Hapo tajiri ni yule anayegharimia duara: unga, maharage, kamba, baruti, mafuta ya pampu. Wachimbaji wakisema "tajiri hajaleta unga tangu juzi" hawazungumzii mtu mwenye mali nyingi. Wanazungumzia nafasi kwenye kazi, kama dereva wa daladala anavyosema "hesabu ya tajiri". Tajiri huyo anaweza kuwa amekopa. Anaweza kuwa ameuza shamba la mpunga Kahama ili atie mtaji shimoni, na akifika mwezi wa nane bila jiwe la maana, yeye ndiye mwenye hali mbaya kuliko wote. Ukitafsiri hadithi ya duara na kila mahali ukaandika "tajiri", msomaji wa Katoro, huko huko Geita, atafikiri unamzungumzia mfadhili.

Halafu kuna "mkwasi". Ni neno zuri, la vitabuni, lakini benki zimelichukua jina lake. "Ukwasi" leo kwenye taarifa za fedha ni uwezo wa kuwa na pesa taslimu za kulipia. Sijamsikia mchimbaji akilitumia, na sitalitia mdomoni mwake.

"Kibopa" na "kigogo" zimekaa kwenye umbo moja linalostahili kutazamwa. Kiambishi ki- mara nyingi hupunguza kitu, kama kitoto na kijumba, ila hapa kinamtaja mtu mkubwa. Kigogo ni gogo lililopewa umbo la udogo, na bado tunasema "kigogo huyu amekamatwa", kwa upatanisho wa watu. Neno linasema ukubwa na papo hapo linauondolea heshima. Tofauti yao ni kwamba kibopa ana pesa, kigogo ana cheo. Wingi wao, vibopa na vigogo, nao una umbo la ngeli ya vitu. Mtu wa kawaida asiye na sauti mbele ya wakubwa amejipatia sauti kwenye wingi huo.

Sasa tufike kwenye maneno mazito zaidi.

Tazama "anazo". Ni kitenzi na kiambishi tu: ana, na -zo. Zo ni nini? Fedha, pesa, hela, mali. Hazitajwi. Kiswahili kinaweka kiwakilishi na kuachia msikilizaji ajaze. Ndivyo tunavyosema wenye nazo na wasio nazo, na ndivyo lugha ya kanisani inavyosema mwenye nacho ataongezewa. Ukibadilisha -zo kwa -cho maana inahama: nazo ni hesabu, nacho ni kitu chochote kile, hata kidogo. Mzee wa Kisukuma akiulizwa kuhusu jirani yake aliyefanikiwa, atasema "yule anazo" kwa sauti ya chini, kisha ataongea habari za mvua. Kutaja mali ya mtu kwa jina lake ni kama kumhesabia watoto. Kiwakilishi kinamsitiri mwenye mali, na kinamsitiri pia msemaji asionekane kuwa na kijicho.

Kuficha huku kunaendelea kwenye vitenzi. "Ameula." Ameula nini? Kiambishi -u- ni cha mtendwa, na mtendwa hayupo. Tuna mwenzake, "ameula wa chuya", na hapo angalau "wa chuya" unatuonyesha wali ambao haukupepetwa vizuri, mlaji akatafuna maganda. Tuna "anaupiga mwingi", ambao kila mpenzi wa soka anajua kuwa ni mpira. Lakini "ameukata", yaani ametajirika, haukati kitu chochote kinachojulikana. Nimewauliza wasemaji wengi, na kila mmoja ana jibu lake. Mwingine husema ni umaskini, mwingine husema ni mti, mwingine hucheka. Ila kuna jambo moja ambalo sikio langu haliwezi kuliacha. Kiswahili kina nomino "ukata", na maana yake ni kukosa fedha. Ukata umemkaba, ukata umeikumba klabu. Kwa hiyo tamko moja, u-kata, likisimama kama nomino ni ufukara, na likiingia ndani ya kitenzi chenye -me- ni utajiri. Sidai kwamba moja limezaa lingine. Nasema tu kwamba masikioni yanagusana, na kwenye nchi ambayo tajiri na fukara hutoka duara moja, mgusano huo una ukweli wake.

Angalia sasa hiyo -me-. Ameula, ameukata, ametoboa, ametoka, amelamba dume, ameokota dodo chini ya mwarobaini. Yote ni hali timilifu. Hakuna anayesema "yeye ni mtobozi wa maisha", wala "huwa anaukata". Utajiri wa madini hausemwi kama hali ya mtu. Unasemwa kama jambo lililotukia, likamkuta, na matokeo yake bado yanaonekana leo. Kesho ni habari nyingine. Ndiyo maana kinyume chake nacho kinakuja kwa umbo hilo hilo: amefulia, amechacha. Jozi hii, ametoboa na amefulia, ndiyo historia ya machimbo kwa maneno mawili, na kati yake unaweza kupita msimu mmoja tu. Nomino zingesema uongo hapo. Nomino hudumu, lakini pesa ya duara mara nyingi haidumu.

Vitenzi hivyo navyo havilingani. Kulamba dume kunanuka karata: mtu alikaa mezani, bahati ikamwangukia. Kuokota dodo chini ya mwarobaini kunakwenda mbali zaidi, kwa kuwa mwarobaini hauzai embe. Msemo huo unasema mali haikutoka mahali ilipotarajiwa, na hakuna aliyeipanda. Mti wenyewe Shinyanga umejaa kila uwanja wa shule na kila ofisi ya kata, kwa hiyo picha ni ya nyumbani kabisa. Lakini mwambie mtu aliyekaa shimoni miaka sita kwamba ameokota dodo, utakuwa umemtukana. Umefuta miaka sita kwa kitenzi kimoja.

Kwa mtu huyo kuna "ametoboa", na hili ndilo neno ninalolipenda kuliko yote. Kutoboa ni kupitisha tundu upande wa pili. Neno lina giza ndani yake, lina ugumu wa kitu kinachopenywa, na lina mwanga unaoingia ghafla. Linatumika Dar es Salaam na Mombasa na wasemaji ambao hawajawahi kuona shimo, lakini likirudi machimboni linakuta mwili wake. Kule Mirerani, kwenye tanzanaiti, njia za chini ya ardhi za wachimbaji wawili zikikutana huitwa mitobozano, na migogoro yake imefika mbele ya maofisa wa madini mara nyingi. Kutoboa, basi, si ushindi peke yake. Unaweza kutoboa ukatokea kwa mwenzako. Na kuna kutoboa siri, ambayo ni hofu ya kila mtu aliyepata jiwe zuri na bado hajafika sokoni.

Lenye uzito wa mwili zaidi ni "ametoka". Mwaka 2015, kwenye machimbo ya Nyangalata mkoani Shinyanga, duara liliporomoka likawafukia wachimbaji. Watano kati yao walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Januari 2017, mkoani Geita, watu 15 walionaswa chini waliokolewa wote baada ya siku kadhaa. Kwenye vijiji vyenye kumbukumbu kama hizo, kitenzi kutoka hakijawahi kuwa sitiari tupu. Kijana wa mjini akisema "mwaka huu lazima nitoke", anazungumzia maisha. Mama wa mchimbaji akiuliza "ametoka?", anauliza kama mtoto wake yuko juu ya ardhi.

Hapa niongeze jambo ambalo sijaona likisemwa. Magazeti yetu yana msemo "kugonga mwamba": mazungumzo yamegonga mwamba, juhudi zimegonga mwamba. Maana yake ni kushindwa. Mimi huuona kama msemo wa mkulima anayechimba kisima au msingi wa nyumba, jembe likakuta jiwe. Kwa mchimbaji wa dhahabu, kinyume chake ndicho kweli. Yeye anachimba udongo kwa miezi ili aufikie mwamba, aufuate unakokwenda, na kilio chake ni mwamba unapopotea. Sentensi moja ya Kiswahili, "tumegonga mwamba", ni kilio ofisini na ni kigelegele duarani. Tafsiri ya kijana ilikuwa na aya inayosema juhudi za mchimbaji "ziligonga mwamba" mwaka wa kwanza. Tuliifuta, maana msomaji wa machimbo ya Rwamgasa angefikiri mtu huyo alifanikiwa mapema.

Tukitoka kwenye dhahabu tukaingia kwenye ng'ombe, sarufi inabadilika. Kisukuma kina neno "nsabi", wingi "basabi", na ni nomino ya watu isiyohitaji kitenzi. Nsabi ana ng'ombe, ana kaya yenye watu wengi, ana chakula cha kumpa mgeni na cha kumkopesha jirani mwaka wa njaa. Kiswahili cha Shinyanga humtafsiri kwa "mwenye": mwenye ng'ombe, mwenye mji. Na "mwenye" haina wakati. Haisemi alipata lini. Mali hiyo imezaliwa, imekua, imegawanywa kwa mahari na kurudi kwa mahari. Imeshuhudiwa na kijiji kizima kwa sababu ng'ombe hawafichiki. Ukisema nsabi "ametoboa" unamshusha, kana kwamba jana hakuwapo.

Kipimo hicho cha nsabi kinampima hata John Williamson. Huyu Mkanada, mtaalamu wa miamba, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 na akawa mmoja wa watu waliosemwa sana duniani kwa utajiri. Oktoba 1947 mgodi wake ulitoa almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5. Aliitoa zawadi ya harusi kwa Princess Elizabeth wa Uingereza, na ikakatwa ikabaki karati 23.6. Misemo yote ya Kiingereza ya utajiri ingemtosha. Lakini alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50, hana mke wala mtoto, na mwaka huo huo mgodi ukaenda kwa kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni. Kwa lugha ya Mwadui ya Wazungu alikuwa tajiri asiyehesabika. Kwa lugha ya wachungaji waliomzunguka nje ya uzio, alikuwa na mawe. Nsabi ni neno ambalo lisingemshika.

Kuna umbo jingine ambalo wahakiki wa lugha hulipita bila kulitazama: m-...-ji. Mchimbaji na mwekezaji zimeundwa kwa kalibu moja, mtenda wa kitenzi. Mwenye mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, au wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, haitwi tajiri, haitwi kibopa, wala hasemwi kuwa ameukata. Anaitwa mwekezaji. Neno linamwonyesha akiweka, halimwonyeshi akichukua. Upande wa pili, mchimbaji wa leseni ndogo anabandikwa kivumishi na sheria yenyewe: mchimbaji mdogo. Hata akiwa na magari kumi na hoteli mbili Kahama, kwenye karatasi za serikali ni mdogo. Udogo huo ni wa leseni, najua, lakini sikio halisikii leseni. Linasikia mdogo. Na mabaki ya mawe ya mwekezaji, yale ambayo wananchi wa Geita waliyadai kwa miaka ili wayaponde watafute chembe zilizobaki, yalipata jina lake la mtaani: magwangala. Nalisikia neno hilo likigonga kama jiwe kwenye ndoo tupu. Sijasikia msemo wa utajiri uliozaliwa kutokana nalo.

Sasa "bilionea". Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Siku hiyo hiyo jina lake likapata cheo mbele yake: Bilionea Laizer. Agosti akauza jiwe la tatu, la kilo 6.3, na cheo kikakaa. Magazeti ya Kiingereza yalimwita milionea, kwa kuwa yalihesabu kwa dola, na kwa dola alikuwa na zaidi kidogo ya milioni tatu. Kwetu bilionea ni wa shilingi. Na neno hilo hilo, bila nyongeza yoyote, tunampa Mohammed Dewji, ambaye utajiri wake huhesabiwa kwa mabilioni ya dola. Umbali kati ya watu hao wawili ni mkubwa kuliko umbali kati ya Laizer na mimi, na tumewavika kofia moja.

Kosa la hesabu linasahihishika. Linalonisumbua zaidi ni jingine. Mzee Laizer alipohojiwa siku zile alisema atachinja ng'ombe mmoja kusherehekea, na kwamba ataendelea kuwatunza ng'ombe wake wapatao 2,000. Ng'ombe 2,000! Mtu huyo alikuwa mwenye mji kabla ya hundi. Kwa kipimo cha wafugaji, wa Simanjiro, wilaya yake, kama wa Shinyanga, siku moja kabla ya mauzo alikuwa tayari na neno lake. Lakini vichwa vya habari vilimtoa kwenye udogo hadi kwenye ubilionea kwa mruko mmoja, kana kwamba mali ni ile tu inayopita benki. Bilionea ni neno la namba. Halijui ng'ombe, halijui watoto, halijui miaka.

Nimeacha mwisho msemo ambao hauko kwenye orodha ya kijana, na nilimshukuru kwa kutouandika. "Ana utajiri wa masharti." Muundo wake ni mwepisi: nomino, kihusishi, nomino. Lakini hicho kihusishi "wa" kinafanya mashtaka. Kinasema mali ina chanzo, chanzo ni mganga, na kuna kitu au mtu aliyetolewa ili mali ije. Kanda ya Ziwa wanasema pia ndagu: fulani ana ndagu. Hakuna -me- hapa, wala kiwakilishi cha kusitiri. Kuna ana, wakati uliopo, hali ya kudumu, kama doa.

Najua kwa nini msemo huu unapendwa. Unatoa maelezo pale ambapo bahati haina maelezo. Watu wawili wanachimba hatua tano mmoja na mwenzake, mmoja anapata, mwingine anakosa, na jibu la kweli, kwamba mwamba ulipinda chini ya ardhi kuelekea upande mmoja, halimridhishi mtu mwenye njaa. Lakini mimi siwezi kuuhakiki msemo huu kwa uzuri wa muundo wake peke yake. Kwenye mikoa hii watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa, hasa kuanzia mwaka 2007 na kuendelea, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta mali, ikiwemo dhahabu. Vikongwe wameuawa Shinyanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Kila tunapotamka "utajiri wa masharti" kwa mzaha, tunakubali kwamba masharti yapo na yanafanya kazi. Tunamhakikishia aliyekata tamaa kwamba njia hiyo ipo. Mwandishi anaweza kuweka msemo huo kwenye mdomo wa mhusika wake, kama mhusika ndivyo alivyo. Kuutumia kwa sauti yake mwenyewe, gazetini au redioni, ni kosa.

Tulirudi kwenye sentensi ya Kiingereza, "anagaagaa kwenye pesa". Nilimwomba kijana asome tena aya nzima, asiangalie msemo peke yake. Aya ilisema mtu huyo alichimba miaka minane, akauza baiskeli, akauza mabati ya nyumba, mke akarudi kwao, kisha mwamba ukaonekana. Ilisema amejenga nyumba mbili na kununua karasha, mashine ya kusagia mawe. Haikusema lolote kuhusu kuponda raha. Kugaagaa kulikuwa kwa mwandishi, ambaye aliona gari jipya akachagua picha iliyokuwa karibu naye. Tukaandika: "Mwaka wa tisa akatoboa." Maneno manne. Mteja aliuliza mbona neno tajiri halimo, na kijana akamjibu mwenyewe, vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi, kwamba miaka minane imo.

Kwa wahariri wa habari za madini nina ombi moja. Kabla hamjamwita mtu bilionea, andikeni ni bilioni za nini, na muulizeni jana yake alikuwa na nini. Kama alikuwa na ng'ombe, waandikeni ng'ombe.